Marijani Shingoni mwa Bibi Eufemia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Wierzbina, Galisia, 10 Oktoba 1893

Jina: Rozalia Kurdziel
Umri: Miaka 26
Kazi: Dobi, na msafishaji wa ukumbi wa baraza la mji
Makazi: Nyuma ya kanisa, Wierzbina

Zamani nilikuwa mtumishi wa ndani kwa Bibi Eufemia Trzaska, mke wa mwenye kiwanda cha ngozi. Mnamo Februari 1891 alisema nimemwibia shanga zake za marijani, nyuzi tano, alizoachiwa na marehemu mama yake. Nilipekuliwa, hazikuonekana, lakini hakimu alimwamini yeye. Nilifungwa miezi mitatu. Sababu anaijua yeye na mimi ninaijua: mwanawe Ludwik alikuwa ameahidi kunioa. Nilipotoka nikamkuta ameshaoa kwingine. Tangu hapo nikipita sokoni wanawake huvuta vikapu vyao karibu. Hata wale ninaowafulia nguo.

Mnamo Jumapili tarehe 8 Oktoba, baada ya misa, mchoraji Bwana Orpiszewski alifungua ukumbi ili watu waione picha yake ya siku ya soko kabla haijapelekwa Kraków. Mji mzima ulikuja kujitafuta. Mchinjaji alilalamika, "Mbona pua yangu kama kiazi?" Mkewe akamjibu, "Nyamaza, hapo amekupunguzia!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipomwona Bibi Eufemia katikati ya picha, anachagua bata bukini, na shingoni ana marijani nyuzi tano. Punje kubwa ya katikati ina ufa, imefungwa kwa waya wa shaba. Afande, shanga zile nilizisugua mimi kila sikukuu kwa miaka minne.

Nikapaza sauti, "Yesu na Maria! Hizo si zile nilizofungiwa?"

Bibi Eufemia alisema mchoraji amezitunga tu ili picha ipendeze. Bwana Orpiszewski akapandwa na hasira kuliko mimi. "Mama, mimi sibuni hata kiraka cha suruali! Ulikuja nazo kwangu mwezi wa Mei, umezifunga kwenye leso. Ukaniuliza kama picha itakwenda moja kwa moja Kraków." Bibi alitoka bila kuaga mtu.

Mnamo Jumatatu tarehe 9, saa moja asubuhi, niliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma kupiga deki. Nilimkuta Bibi Eufemia mbele ya picha, chupa ya tapentaini, dawa ya kuyeyushia rangi, mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili, anasugua kwa nguvu. Mumewe ni diwani, ufunguo wanao nyumbani. Sikumzuia. Naomba iandikwe hivyo hivyo: sikumzuia. Nilikwenda kufungua milango mikubwa ya mbele, watu wa soko walikuwa wanashusha kabichi, nikawaita, "Njooni mwone mwizi wa kweli anavyofua!" Walijaa mpaka ngazini.

Mchoraji naye alikuja mbio. Akatueleza kwamba shanga alizichora tangu Mei, rangi yake imeshakauka ikawa ngumu, ila uso wa Bibi aliumalizia wiki iliyopita na bado ulikuwa mbichi. Basi Bibi kwa pupa yake alikuwa amefuta kinywa chake mwenyewe, na pua, na jicho moja. Shanga ziko vilevile, na ufa wake. Mchinjaji akasema, "Siku za mwizi arobaini, mama."

Bibi Eufemia akanishika mkono, akaninong'oneza, "Rozia mwanangu, shanga zichukue, ziwe zako. Sema ni wewe uliyemwaga dawa." Mwanangu! Miaka minne nyumbani kwake jina langu lilikuwa "we msichana". Niliyarudia maneno yake kwa sauti, neno kwa neno, hadi walioko ngazini wakasikia. Nilifurahi, afande. Nisidanganye, nilifurahi sana.

Leo asubuhi Ludwik alikuja kwangu, kofia mkononi. Alisema, "Rozia, mama ni mtu mzima, jela itamuua. Ukisema hukuona vizuri, nani atajua?"

Nilimwuliza kama mimi nilipofungwa alimwambia mama yake jela itaniua. Akavaa kofia yake. Nikamwambia, "Nenda kamwambie akifika jela awahi kitanda cha dirishani. Cha mlangoni kina kunguni."

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na mahakamani nitayasema tena yeye akiwa amesimama mbele yangu.

Alama ya shahidi: X (Rozalia Kurdziel)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Teofil Hnatiuk, na kumsomea shahidi kwa lugha anayoielewa. Amekiri kuwa ni sahihi. Nilimshauri aondoe maneno ya kitanda na kunguni kwa kuwa hayahusiani na shauri. Amekataa. Amesema huo ndio wema wote aliobaki nao kwa nyumba ile.