Picha ya Stoo Tupu

Kimumu,
Eldoret.
14 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Mungai,

Nakusalimu kwanza, maana hasira niliyo nayo haijanisahaulisha adabu. U mzima? Lile goti lililokusumbua wakati wa theluji limepoa? Mkeo Ciku bado anafanya shifti ya alfajiri pale hospitalini? Na Njeri ameota meno ya mbele? Picha ya mwisho alikuwa anacheka na pengo lake wazi, nikasema huyu ni nyanya yake mtupu. Sisi huku hatujambo. Kiarie wangu amepona kifua, mvua imepungua, na cherehani yangu ya zamani imekubali kushona wiki mbili mfululizo bila kuitiwa fundi.

Hizo ndizo salamu. Sasa keti.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu na bando ninayo. Ni kwa sababu karatasi ina msomaji mmoja. Wewe ulipokuwa na neno la kusema kuhusu nyumba ya mama yetu, ulilisema kwenye grupu ya ukoo, mbele ya watu themanini na sita, wakiwemo wakwe, watu wa kanisa, na yule mtu ambaye hakuna anayejua aliingizwa na nani. Mimi sitakufanyia hivyo. Nitakukasirikia faraghani, kama dada yako.

Blogu yangu unaijua. Wewe ndiye uliyenifungulia ulipokuja likizo, tumeketi pale dukani Pioneer, ukaniambia hata fundi wa nguo ana mambo ya kuonyesha watu. Basi mwezi wa tisa nilijiunga na chalenji ya picha. Kila asubuhi linatolewa neno moja, na kila aliyejiunga anapiga picha ya neno hilo na kuiweka kwenye blogu yake kabla siku haijaisha. Siku thelathini, picha thelathini, bila kuruka. Kanuni ilikuwa moja: usieleze. Unaandika siku na neno, halafu unaiacha picha ijisemee.

Usinicheke, Mungai, lakini nilifurahi mwezi ule kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu. Siku ya neno "Uzi" nilipiga sakafu ya duka kabla sijafagia. Siku ya "Subira" nilipiga viatu vya wateja waliokuwa wakingoja suruali zao. Wateja wakawa wanauliza neno la leo kabla ya kuuliza kama nguo yao iko tayari. Nina miaka hamsini na moja na nilikuwa naanza tu kuangalia vitu vizuri.

Na Mama ndiye alikuwa mtazamaji wangu mkuu. Simu yake ni ile ya kubonyeza, hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa anavuka uzio kwenda kwa jirani, Mama Chelimo, wanafungua blogu pamoja kwenye simu ya Mama Chelimo, halafu ananipigia kunikosoa. Viatu vya Subira alisema vimekaa kama viatu vya matanga. Uzi aliusifu, lakini akauliza kwa nini duka ni chafu hivyo. Siku ishirini nzima mama yetu alikuwa na kazi ya kufanya saa nane mchana, na aliifanya kwa bidii.

Siku ya ishirini ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa Moi's Bridge kumwona, na neno likatoka: "Tupu". Nikasimama mlangoni pa stoo ya mahindi, nikapiga picha ndani.

Stoo ilikuwa tupu, naam. Ilikuwa tupu kwa sababu ilikuwa Septemba! Wewe ulizaliwa pale. Wewe ndiye ulikuwa ukitumwa ndani na ufagio wa mkono, kwa sababu ulikuwa mdogo na ulienea kwenye pembe. Umesahau kweli? Septemba stoo inatolewa hadi punje ya mwisho, inafagiliwa, inapakwa mavi ya ng'ombe na jivu sakafuni na ukutani, kisha inaachwa wazi wiki nzima ikauke, ili mahindi mapya yasikutane na mdudu wa mwaka jana. Mama alikuwa amemaliza kupaka asubuhi ileile, kwa mikono yake, na miaka yake sabini na minne. Alama za vidole zilikuwa bado mbichi ukutani na jua lilikuwa linaingia kati ya mbao. Mwenye stoo tupu na safi mwezi wa tisa ni mtu anayengoja mzigo mkubwa. Kwetu hayo ni majivuno, na mimi nilipiga picha ya majivuno ya mama yangu.

Mahindi ya kula yalikuwa wapi? Yalikuwa chumbani mwako. Magunia matano yamelala kwenye kitanda chako kama wageni waheshimiwa.

Nikaandika: "Siku ya 20. Tupu." Sikuongeza neno kwa sababu ya ile kanuni, na pia kwa sababu sikujua kwamba kuna mtoto wa mkulima anayehitaji kuelezewa. Hapo ndipo nilipokosea, na nalikiri kosa langu. Mstari mmoja chini ya picha ungetosha.

Lakini wewe, Mungai! Hukupiga simu. Hukuuliza. Uliichukua picha yangu ukaibandika kwenye grupu na maneno haya, nayakumbuka yote: "Hii ndio stoo ya mamangu. Walio karibu naye wanapiga picha za njaa yake kwa blogu." Walio karibu naye ni nani? Ni mimi. Hakuna mwingine. Mimi ninayekwenda kila Jumamosi ya pili, ninayemkata kucha za miguu, ninayejua dawa ya presha ni ile nyeupe na si ile ya manjano. Nilisoma maneno yale nikiwa na pini mdomoni na mteja amesimama mbele yangu na gauni nusu. Ni neema ya Mungu kwamba sikuzimeza.

Ungenipigia, ningekujibu kabla hujamaliza swali. Badala yake ulimpigia Lazarus, rafiki yako wa shule mwenye pikapu, na Jumanne akafika langoni na marobota manane ya unga wa pakiti, madebe mawili ya mafuta na sukari. Akapiga honi tangu barabarani, maana alikuwa anadhani anaokoa mtu. Watu wakatoka shambani kuja kuona. Lazarus simlaumu. Alitumwa.

Sasa sikiliza vizuri. Mama hajawahi kununua unga wa pakiti maishani mwake. Mwaka ule mahindi ya watu yalipokauka yakiwa na urefu wa goti, nusu ya wale waliotoka kutazama pikapu walikula kwake mpaka mvua iliporudi. Yeye ndiye hupima na kuwapa watu. Siku hiyo alitolewa zizini, na leso ya kazi imechanika ubavuni, na mikono imejaa samadi, akasimamishwa kando ya marobota ya unga. Lazarus akamwambia, "Mama Mungai, hebu simama hapo kidogo nipige moja, Mungai aone imefika."

Naye akasimama. Angefanyaje? Mgeni yuko langoni mwake. Akasimama akapigwa picha, kisha akanawa mikono akampikia Lazarus chai.

Picha ile ikaingia kwenye grupu kabla chai haijaiva. Mikono ya maombi ikamiminika, na wewe ukaandika "Mungu ni mwema". Mungu ni mwema, lakini siku hiyo hakuhusika hata kidogo.

Mama Chelimo, bila ubaya wowote, alimwonyesha Mama. Jioni Mama akanipigia. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Waceke, usinipige picha tena. Wala mimi, wala kitu changu." Nikaacha. Blogu yangu imesimama siku ya ishirini na tatu, na tangu hapo Mama hajavuka uzio saa nane mchana.

Hilo la blogu ningelimeza. Nisiloweza kulimeza ni hili: Mama hajaenda kanisani Jumapili tatu. Unajua kwamba kila mwaka siku ya shukrani ya mavuno yeye ndiye hutangulia, miaka ishirini na miwili sasa, gunia la kwanza ni lake na wengine wanamfuata. Safari hii amemtumia mwenyekiti wa akina mama ujumbe kwamba watafute mtu mwingine. Amesema hawezi kutangulia na gunia mbele ya watu waliomwona akipewa unga. Mahindi yake yamesimama shambani, yamekauka vizuri, yanangoja kukatwa, na mwenyewe anajificha kama mwizi wa mahindi hayohayo.

Najua uliogopa. Ciku aliniambia ulilia ulipoiona ile stoo, na nakuamini. Ukiwa mbali hivyo, picha moja inaweza kukukosesha usingizi. Lakini hofu yako ilikuwa na namba yangu ya simu, na haikuitumia. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ulikuwa tayari kuamini nimemwacha mama yetu na njaa ili nipate picha.

Kwa hiyo nakuambia utakalofanya, na siombi. Shukrani ya mavuno ni tarehe tisa Novemba. Kabla ya hapo utaandika kwenye grupu ileile, mbele ya watu walewale themanini na sita, kwamba ulikosea. Kwamba stoo ilikuwa imepakwa kungoja mavuno na wewe mwenyewe unajua kazi hiyo. Picha ya Mama na unga utamwomba kila mtu aifute. Kisha utampigia Mama kwa ile simu yake ya kubonyeza, usipitie kwangu, umwombe atangulie na gunia lake. Mimi nimemwomba nimeshindwa. Aliyemtoa njiani ndiye atakayemrudisha.

Kuhusu unga wako, usiwe na wasiwasi, uko salama. Mama hajafungua hata pakiti moja, na hataki kuugawa kwa sababu anasema si wake. Ameshusha magunia sakafuni, akaupanga juu ya kitanda chako. Ukija Desemba utapikiwa huo, asubuhi na jioni, mpaka uishe. Sisi wengine tutakula wa mahindi mapya.

Jambo la mwisho. Jumapili iliyopita nilikwenda Moi's Bridge nikamkuta anachambua maharagwe. Nilimwambia, bila kumwomba kitu, kwamba neno la siku ya thelathini lilikuwa "Nyumbani" na kwamba sikulipiga. Alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akaenda akanawa, akafunga kile kitambaa cheupe cha chama cha akina mama ambacho hajakigusa tangu pikapu ije, akachukua ufunguo wa stoo. Akaniambia niingie ndani hadi ukutani na nigeuke niangalie mlango. Yeye akasimama mlangoni.

Picha ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Niliisafisha studio mjini jana asubuhi, na mchana nikampelekea Mama aione kwanza. Mama amekataza isiende kwenye blogu wala kwenye simu ya mtu yeyote, kwa hiyo hiyo uliyoshika ndiyo peke yake. Iangalie polepole. Angalia nyuma yake, jinsi mahindi yalivyojaa kutoka mlangoni hadi uzio wa Mama Chelimo.

Nisalimie Ciku, umwambie gauni lake liko tayari na nimeacha nafasi kwenye mshono. Mbusu Njeri. Kiarie anakusalimu, na Baba Mdogo Gikonyo anasema bado anangoja ile redio. Mama hajatuma salamu, nami sitakuwekea salamu ambazo hakutuma. Mungu akulinde huko kwenye baridi, alinde goti lako, na akupe mdomo wa kusema unachopaswa kusema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo, na leo si rahisi,

Waceke

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha ndipo niliona Mama ameandika kwa penseli nyuma ya picha. Usipoigeuza hutaona, kwa hiyo nakunakilia: "Mungai, hapa nimesimama ndipo Waceke alikuwa amesimama."