Nyayo za Baba Yenu Gerejini

Wanangu,

Asikanyage mtu gereji mpaka kesho. Baiskeli zilale barazani. Madirisha yaacheni wazi, harufu ni kali.

Baba yenu amepaka sakafu vanishi, saruji inang'aa kama kioo. Kumaliza tu, akakumbuka ufunguo wa lori umetundikwa kwenye ukuta wa ndani kabisa! Nikamwambia asubiri ikauke. "Safari haisubiri, mama watoto." Akaenda na kurudi pekupeku, akinyata kama mwizi wa kuku, kisha akashika njia, huyo! Nyayo zote zimebaki.

~~Akirudi azipake upya.~~

Hapana, nimefuta. Ziacheni. Akipiga simu msimcheke, nimeshamcheka kwa niaba yenu. Kila safari hutuachia vumbi tu. Leo walau ameacha miguu nyumbani.

Mama yenu