Barua zilizosubiri kwenye folda ya muda

Ndugu yangu, Kipara wetu anashuka ngazi za maabara sasa hivi, begi begani, hataki hata kuagana na mtu.

Unaikumbuka ile programu ya kutuma barua pepe aliyoifungasha mwenyewe, ili matawi yote ya maabara yaisakinishe ikiwa imeshapangwa? Alipokuwa akiijaribu aliielekeza iweke barua zinazosubiri kwenye folda ya muda, ile ambayo mashine huifagia kila ikiwashwa upya. Akasema atabadilisha kabla ya kufungasha. Hakubadilisha!

Leo mtandao ukakatika. Majibu ya vipimo vya wagonjwa yakajazana humo yakingoja kutumwa, na nakala hakuna. Mama mkuu wa maabara akasema, "Imeganda hii. Tuzime tuwashe."

Kipara akapiga ukelele toka mlangoni, "Usizime, mama! Usizime!"

Kidole kilishabonyeza.

"Kwani nimeua mtu?"

Kipara akaja, akafungua folda. Tupu! Hata harufu ya barua hakuna.

"Na matawi mengine, mama?"

"Nilishawapigia simu wazime wawashe, nao wamezima."

Wote, ndugu yangu. Wote! Mtu mzima akakaa sakafuni. "Ni mimi niliyeipanga hivyo."

"Basi nenda nyumbani, mwanangu. Kazi hapa huna tena."

Kipara kashapotelea barabarani. Mama yuko kwenye simu, anawaita wagonjwa waje kutolewa damu upya. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja majibu kwenye benchi la mbele kaondoka, kasema damu ya kutoa mara mbili hana.