Mashine ya Kahawa kwa Mama Aliyekatazwa Moto

Mpendwa Mama Selpha,

Naomba msaada wako, na kabla sijafika mbali naomba usinicheke, kwa maana shida yangu ukiisikia kwa haraka ni kama ya mtu ambaye hana shida, yaani nimetumwa kununua mashine ya kahawa ya nyumbani, ile ya umeme ambayo unaweka maji juu na kahawa kwenye chujio halafu inadondosha yenyewe mpaka jagi lijae, na hii ni wiki ya tatu nashindwa kuchagua, naenda dukani narudi mikono mitupu, na hata chakula sasa hakipiti.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, naishi Munyaka na mama yangu, ambaye sisi tunamwita Hooyo, pamoja na kaka yangu mkubwa, nitamwita Omar ingawa si jina lake, yeye ana malori mawili ya mizigo na nyumba ni yake. Niliolewa nikaachika, nikarudi miaka miwili iliyopita na sanduku moja, na Omar hakuniuliza maswali, alisema tu, "Kaa. Lakini hapa kazi yako ni moja, uangalie Hooyo." Nashukuru mpaka leo, sitaki uone kama namsema vibaya.

Hooyo alitoka Moyale zamani, na kwake kahawa si kitu cha kunywa umesimama ukikimbilia kazi. Kila siku baada ya swala ya Alasiri alikuwa anawasha jiko la makaa, anakaanga buni zake mpaka moshi uende kwa majirani, anazitwanga kwenye kinu kidogo na tangawizi na iliki, halafu anachemsha kwenye jabana, lile birika la udongo lenye shingo ndefu, na kina mama watano au sita wa mtaa wanakuja bila kuitwa, kwa sababu ule moshi ndio mwaliko wenyewe. Hapo ndipo watu waliokosana walikuwa wanapatanishwa, na hata mimi niliporudi na aibu yangu niliketishwa hapo nikapewa kikombe na hakuna aliyeniuliza kitu.

Sasa Hooyo ameanza kusahau. Ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki, anauliza kama ameswali na mkeka wake bado uko chini, siku moja alitia chumvi badala ya sukari kwenye kahawa ya wageni, na wale kina mama wakanywa mpaka chini wakasema asante. Halafu mwezi wa saba, katika ile mvua ambayo haikukatika wiki nzima, moto ukatokea sebuleni, kochi moja na pazia zikaungua, na Hooyo akachomeka kiganja cha mkono wa kulia. Omar aliingia akamkuta ameketi sakafuni kando ya jiko, akashika kichwa. "Hooyo amesahau jiko tena! Mimi nimechoka. Hii makaa itoke kwa nyumba yangu leo leo, na wewe dada yangu utafute coffee maker, ile inadondosha na inajizima, hiyo tu ndiyo itatumika hapa." Siku hiyo hiyo jiko likatolewa, kinu na mchi na jabana zikafungiwa stoo. Sasa ikifika Alasiri Hooyo anakaa kwenye kiti akiangalia mlango, lakini moshi hakuna, kwa hivyo watu pia hakuna.

Nimeenda duka moja la vyombo pale mjini mara nne, mpaka kijana wa kuuza, Nicanor, ananijua kwa jina. Ameniwekea tatu kwenye meza. Ya kwanza ni nyeusi, ina jagi la kioo linalokaa juu ya bamba la moto, ni rahisi kutumia, swichi moja tu, lakini Nicanor aliniambia ukweli, "Madam, hii ukisahau kuizima, hiyo bamba inaendelea tu kuchoma, kahawa itakauka mpaka glasi ipasuke." Ya pili ni ya rangi ya fedha, ina saa na vifungo sita vya kijani, unaweza kuipangia ianze yenyewe na inajizima baada ya muda, ila hata mimi vile vifungo vilinishinda, sembuse Hooyo. Ya tatu ina jagi la chuma linalohifadhi joto kama thamosi, haina bamba la moto, maji yakiisha inazima. Hiyo ni kubwa, inatoa vikombe vinane. Halafu kuna chujio za karatasi na chujio za waya, na sijui nichukue gani.

Jirani yetu Ruwayda aliniazima yake tujaribu kwanza. Nikachukua kahawa iliyobaki kwenye mkebe wa Hooyo, ile aliyoitwanga mwenyewe kabla ya kukatazwa, laini kama unga wa wimbi, nikaijaza kwenye chujio mpaka juu, maji yakashuka yakakosa pa kupitia, ikafurika, meza yote ikawa matope meusi na mengine yakamwagika kwenye zulia. Hooyo alitoka chumbani kwake akasimama akaangalia. Halafu akachukua kitambaa akaanza kupangusa kwa ule mkono wenye bandeji, polepole, akaniuliza, akiniita kwa jina lake mwenyewe kama mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao, "Hooyo, hata hii ni mimi nimeharibu?"

Nilimwambia hapana, lakini aliendelea kupangusa, na sidhani aliniamini. Tangu siku hiyo nikisikia hatua zake kwenye korido naingia jikoni najifanya napanga vyombo.

Kuna jambo lingine dogo ambalo si la mashine, nalisema tu ili barua iwe kamili. Siku ile ya moto Hooyo hakuwa ameacha jiko, yeye alikuwa amemaliza kahawa yake na wageni wameondoka na amekwenda kujilaza, jiko niliingiza sebuleni mimi nikaushe nguo zangu kwa sababu mvua ilikuwa imekataa zikauke siku ya nne, nikazitandaza kwenye kiti karibu na makaa, simu ikalia nikatoka nyuma kuongea, nikaongea nikajisahau, na niliporudi nilimkuta Hooyo amepiga magoti anazima moto kwa mkeka wake wa kuswalia na kwa mkono, peke yake, bila kupiga hata kelele, moto ukazimika, akaketi chini, na kabla sijafungua mdomo Omar akaingia akasema yale aliyosema, na Hooyo akainamisha kichwa akasema, "Nisameheni watoto wangu, sikumbuki nikiiweka hapa," na mimi nikanyamaza.

Nikisema sasa Omar atanifukuza, kwa sababu kazi yangu ilikuwa moja, na sina kwingine pa kwenda. Na pia, Mama Selpha, si ni kweli kwamba Hooyo anasahau? Si ingeweza kuwa yeye siku nyingine yoyote? Basi niambie tu, nichukue ile ya saa au ile ya jagi la chuma?

Ni mimi niliyechanganyikiwa,
Munyaka, Eldoret.

MAMA SELPHA ANAJIBU:

Binti yangu wa Munyaka,

Nianze na mashine, kwa sababu ndiyo uliyouliza, na sitaki uende ukisema Selpha alikunyima jibu. Mimi ni mtu wa ziwa, nililelewa kwa chai ya maziwa, kwa hivyo nilimpigia fundi wangu wa umeme, Wanyonyi, ambaye amefungua hizi mashine nyingi kuliko walioziunda. Ile ya kioo na bamba la moto iache dukani, haifai nyumba ambayo mtu anasahau. Ile ya vifungo sita mwachie anayependa kuonyesha wageni. Chukua ya jagi la chuma, hiyo kubwa ya vikombe vinane, maana kwenu kahawa ni ya watu. Chujio iwe ya waya, unaosha na kurudisha, zile za karatasi zitakuishia Jumapili uanze kuzunguka mji mzima. Kahawa isitwangwe ikawa unga, ibaki na chengachenga kama sukari, na chujio usiijaze kupita nusu. Ulichofanya na mashine ya Ruwayda ni kuiziba pumzi. Mwombe msamaha na umsaidie kuisafisha.

Haya, mashine imeisha. Imenichukua simu moja, na wewe umezunguka nayo wiki tatu. Sasa tuzungumze.

Umenieleza mpaka rangi ya vifungo. Moto uliochoma kiganja cha mama yako umeuita jambo dogo, ukauweka mwishoni baada ya chujio. Mama huyo aliamka kitandani akakuta nyumba inawaka, akaiokoa kwa mkeka wake na ngozi yake, na mpaka leo mtaa mzima unamjua kama mzee aliyetaka kuichoma. Wewe ndiwe mtu wa pekee duniani unayejua alichofanya, na umekaa nacho kimya. Nimekasirika nawe, sitakuficha.

Woga wako naujua. Mwanamke aliyerudi nyumbani na sanduku moja anatembea kwa ncha za vidole, anapika kabla hajaambiwa, anacheka hata panapouma, asije akaambiwa aondoke. Siku ile Omar alisema kabla yako, na ulimi ukakwama. Kukwama dakika moja ningekuelewa. Lakini kila asubuhi tangu mwezi wa saba umeamka ukachagua kunyamaza upya, ukamfunga bandeji, ukamtazama machoni, ukamwacha aamini.

Na usijifiche kwenye lile swali lako la kwamba ingeweza kuwa yeye. Ingeweza. Haikuwa.

Mtu anayeanza kusahau hana tena uhakika na kichwa chake, kwa hivyo anashikilia maneno ya watu anaowapenda. Wakisema alifanya, basi alifanya. Kwa nini unafikiri alikuuliza kuhusu yale matope ya mezani? Alikuwa amekukuta wewe na mashine na mikono yako imejaa kahawa, na bado akajishuku mwenyewe! Ugonjwa unamnyang'anya kumbukumbu zake, na wewe umemwongezea kumbukumbu ambayo si yake. Hiyo ndiyo inayokufanya chakula kisipite, binti yangu. Si chujio.

Sasa nisikilize vizuri. Leo, Alasiri ikipita, fungua stoo utoe jabana uiweke mbele yake, hata kama haina kitu. Kaa chini, si kwenye kiti. Mwambie, "Hooyo, jiko lile niliweka mimi. Wewe ndiwe uliyezima moto." Mwambie kwa lugha yenu, polepole, na akikuuliza tena baada ya dakika kumi mwambie tena, na kesho akiuliza mwambie tena, na usichoke, maana ulikuwa na nguvu za kunyamaza muda wote huu. Usilie sana mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Machozi yako si kazi yake.

Omar akirudi mwambie mbele ya Hooyo, maneno yale yale. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Kama unaogopa kukaa naye peke yako, waite wale kina mama wawili au watatu waje waketi nawe. Watu walioweza kunywa kahawa ya chumvi mpaka chini wakasema asante hawatakuacha utupwe nje na sanduku. Lakini hata kama Omar atakuambia uondoke, sema hivyo hivyo. Siwezi kukuahidi atakusamehe, simjui.

Kuhusu jiko, kaka yako hakukosea yote. Hooyo anasahau kweli, na mpelekeni kwa daktari wa mambo hayo mkajue mko wapi. Lakini kumkataza moto kabisa ni kumzika akiwa anapumua. Mara mbili kwa wiki jiko litolewe liwekwe barazani, nje, na wewe uketi kando yake tangu makaa yashike mpaka majivu yapoe, simu yako ukiiacha ndani. Yeye akaange, atwange, ashike mchi wake. Siku zingine mtatumia hiyo mashine, na kahawa atakuwa ametwanga yeye. Moshi ukienda mtaani wenyewe watakuja.

Na usiniandikie kwamba unangoja siku ambayo Hooyo yuko sawa, au Omar ametoka safari akiwa na furaha. Mama yangu mwenyewe, Ayoo, alianza hivi hivi, kwa chumvi na majina. Kuna jambo nilimkosea nikiwa msichana, na miaka yote nilikuwa nikipanga kumwambia, nikangoja likizo, nikangoja Krismasi, nikangoja apone homa. Siku niliyopata ujasiri nilimshika mikono nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza kwa upole sana. Halafu akasema pole, na akaniuliza mama yangu ni nani, ili niende nikamwambie yeye.

Mashine inaweza kungoja hadi Jumamosi. Mwambie leo.

Mama Selpha