Kisanduku Nilichoandika "Hakuna"

Chumba Namba 7,
Nyumba za Madaktari,
S.L.P. 418.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na mapacha. Goti lako je, bado linakusumbua unapopanda ngazi za duka lako la dawa? Na hao watoto, wameshaacha kuambukizana mafua kila wiki? Sisi huku hatujambo. Mimi nalala vizuri na kula kiasi, ingawa nimekonda mpaka koti la kazi linanivaa badala ya mimi kulivaa.

Mama aliruhusiwa kutoka hospitali wiki mbili zilizopita. Anatembea hadi getini na kurudi, na jana alimgombeza fundi bomba aliyeacha matope sebuleni, kwa hiyo najua amepona. Baba mdogo huja kila jioni kumsomea gazeti, na kila jioni wanabishana juu ya habari ileile.

Sasa nije kwenye langu. Wewe ndiye uliyeniita "Daktari wa Sumu" hata kabla sijaanza masomo haya ya kutibu sumu, na kila ulipopiga simu ulikuwa unauliza cheti kinatoka lini. Cheti sijapata, Kaka. Nimekoseshwa, na aliyenikosesha ni wewe.

Mitihani ya kuandika nilifaulu yote miwili. Ilibaki hatua ya mwisho: unapeleka mafaili ya wagonjwa ishirini wa mwisho uliowatibu, kwa mfuatano, bila kuchagua, kisha watahini wanakuhoji juu ya mmoja wao. Wa ishirini alikuwa Mama. Aliletwa kwenye zamu yangu, hakukuwa na daktari mwingine, anatapika, moyo unapiga mara thelathini na nane kwa dakika, na ananiuliza kwa nini shuka za hospitali siku hizi ni za njano. Shuka zilikuwa nyeupe pe. Mtu akianza kuona njano namna hiyo, sisi tunafikiria kwanza vile vidonge vya moyo vikizidi mwilini.

Ndiyo maana nilikupigia. Sikumtafuta kaka wa kunibembeleza, nilimtafuta mfamasia. Nilikutajia dawa kwa jina, nikakuuliza kama Mama ameipata kwako au kwa mtu yeyote. Ukasema, "Hakuna, mdogo wangu. Uzee huo, moyo umechoka tu." Kwenye fomu yetu kuna kisanduku cha dawa anazotumia mgonjwa. Nikaandika "Hakuna". Chini yake, mahali pa kutaja nani amesema, nikaandika "kaka yangu, mfamasia", tena nikapigia mstari. Nilikuwa naringa.

Kwa neno lako hilo damu yake niliipeleka maabara bila alama ya haraka, na dawa ya kuondoa sumu ikakaa kabatini, hatua kumi kutoka kitandani. Asubuhi ya siku ya tatu moyo wa Mama ulisimama. Tuliurudisha kwa mikono yetu, na mikono mingine ilikuwa yangu. Baadaye muuguzi, akitafuta miwani ya Mama, akatoa mkobani chupa ya vitamini uliyomtumia. Ndani hamkuwa na vitamini.

Mama alisema yote alipopata nguvu. Miezi saba, kidonge kimoja kwa siku, kwa ajili ya miguu iliyovimba, na sharti lako kwamba nisijue kwa sababu mimi ni mkali. Unajua sumu ilizidi vipi? Siku akikukumbuka sana alikuwa anaongeza kimoja.

Vidonge ningekusamehe. Ulimhurumia, hukutaka apange foleni za kliniki, naelewa. Ila zile siku mbili, Kaka! Simu ulikuwa nayo mkononi. Ulijua Mama amelala wapi, ulijua natafuta nini, ukaniacha nipapase gizani huku umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimelia mpaka nimejionea aibu.

Mtahini mkuu ni mama mmoja mpole wa sauti, sisi watahiniwa tunamwita Bi. Kwa Nini. Aliisoma fomu, akaniuliza, "Huyu mfamasia ulimwamini kwa nini?" Nikajibu ni kaka yangu. Akavua miwani. "Daktari, hilo si jibu la kitabibu."

Wamenipa miezi kumi na minane, nirudi na faili la Mama lililosahihishwa: nani alitoa dawa, kazi yake nini, kwa ukamilifu. Baba mdogo alinishauri niandike kwamba ilinunuliwa mitaani, yaishe. Nilikaa na kalamu wiki nzima. Kuandika hivyo ni kujaza uongo mwingine kwenye kisanduku kilekile, kisha niombe watu waniamini juu ya sumu. Nimeandika jina lako lote na namba ya leseni yako. Bahasha iliondoka Ijumaa kwenda kwa watahini. Nakueleza mwenyewe ili usije ukalisikia kwa watu.

Wifi msalimie sana, mwambie sina neno naye. Mapacha wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Baba mdogo anakusalimu, ingawa hajui aanzie wapi. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo wa kusema kweli watakapokuita.

Mama nimemwambia kila kitu. Hakunigombeza. Aliniomba tu nikuandikie kwa upole, maana una presha. Huu ndio upole niliobaki nao.

Mdogo wako,
ambaye hajaweza kuacha kukupenda.