Mama wa Mwingine Mgongoni Mwangu

Lubumbashi, Kamalondo

Mama yangu mpendwa,

Amani ikukute hapo kwa Dada Masika, wewe na wote mnaolala chini ya bati lake. Je, kifua kimetulia, au baridi ya Butembo ingali inakukohoza? Sisi huku tuko wazima. Watoto wanasoma, duka la maharagwe linakwenda.

Mama, nimesikia unawaambia watu kanisani kwamba binti yako anasaidia waliopatwa na mafuriko huku. Nakuomba usinisifu tena. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mto ulifurika, nyumba za bondeni zikaanguka asubuhi moja. Padri akaomba watu wa kujitolea. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Baba watoto akashangaa: "Weye mwenye unaogopaka mayi?" Nikajifunga kanga, nikatoka. Sababu unaijua, Mama. Mlima ulipoporomokea nyumba yetu huko Butembo, ukakuvunja mguu, nilikutumia nguo na maneno matamu kwa simu. Nilisema barabara ni mbaya. Kweli ilikuwa mbaya, lakini kaka Paluku aliipita akafika. Mimi nilibaki nikiuza maharagwe.

Bondeni nilimkuta bibi mmoja wa Kasai, Mama Ntumba, ameketi juu ya meza peke yake, maji yamemzunguka. Nikainama, nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, Mama, kama mtoto aliyetoka kuugua. Njiani akaniuliza sikioni:

"Mama yako iko muzima?"

"Iko, mama. Iko Butembo."

"Na yeye unamubebaka hivi?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Mungu akubariki, mutoto yangu. Mama yako alizala muntu."

Baraka ile ilinichoma kuliko tusi. Tangu hapo nilikwenda kila siku kwenye ukumbi wa parokia, walikohifadhiwa yeye na wenzake. Nilimwogesha, nilimsuka, nilimlisha bukari, ugali wa huku, na sombe ya majani ya muhogo. Wenzangu wa kujitolea walisema wamekuja kwa upendo wa Mungu. Mmoja alisema hawezi kukaa nyumbani akisikia jirani analia. Mimi niliendelea kuchota maji. Nilikuwa natafuta kulipa kwa mama wa wengine deni la mama yangu.

Jumapili binti wa Mama Ntumba akafika kutoka Mokambo, mpakani, alikokwenda kutafuta unga wa kuuza. Alinikuta nampaka mama yake mafuta miguuni. Hakunisalimia. Alininyang'anya chupa.

"Leta! Ni mama yangu."

Kisha akapiga magoti, akalia: "Nilipashwa kukubeba mimi, mama. Nilipashwa kuwa mimi."

Mama Ntumba akamshika kichwa. "Ulikuwa mbali, huyu alikuwa karibu. Ni vile tu."

Nilitoka nje nikakaa ukutani. Ndipo likanijia jambo: wewe pia, Mama, hukutoka kwenye tope lile kwa miguu yako. Kuna mtu alikubeba. Miezi yote hii nimekuuliza habari za nyumba, za mashamba, za mbuzi. Habari zake sijauliza hata mara moja.

Nimezungumza na baba watoto. Shule zikifungwa nakuja, barabara iwe vyovyote.

Nisalimie Dada Masika anayekuuguza, kaka Paluku dereva wetu, na shangazi Kahindo mwalimu wa Jumapili. Na huyo aliyekubeba, nitajie jina lake. Nataka nifike huko nikilijua.

Ni mimi, mtoto wako aliyekuwa mbali,

Kavira