Pasipoti Moja, Watu Wawili

Jumatatu, 2 Novemba 1998. Guangzhou
Pasipoti yangu ilipotea jana, Jumapili, kati ya saa mbili asubuhi nilipokwenda soko la nguo la Zhanqian kutazama suruali na saa kumi niliporudi gesti. Ilikuwa chini ya godoro. Viza imebakiza siku sita. Chumba kina vitanda viwili, funguo mbili. Mwenye ufunguo wa pili ni Zuhura, na Zuhura hayupo.

Jumanne, 3 Novemba
Kosa langu ni huruma. Wiki mbili zilizopita nilimwazima Zuhura pasipoti akalale gesti mji wa Shiling alikofuata mikoba, maana viza yake imekwisha. Karani akatazama picha, akamtazama yeye, akampa chumba. Alirudi akicheka: “Dada, kwao sisi wote sura moja!” Nami nikacheka. Mjinga mimi.

Jumatano, 4 Novemba
Askari wamepita gesti asubuhi, mlango kwa mlango. Nimejifungia chooni dakika arobaini. Wamemchukua Mkongo wa chumba cha jirani. Hajarudi.

Nilitoka Kondoa njaa ilipomaliza mbuzi kumi na wanne, kisha mdogo wangu. Siku mbili kwa miguu hadi barabara kuu. Dar nikauza maandazi miaka sita hadi nikapata nauli ya huku, sikumwomba mtu. Sikuwahi kuogopa hivi. Njaa haikuniuliza karatasi.

Alhamisi, 5 Novemba
Sijatoka. Nimekula biskuti nane. Kila kiatu kikilia ngazini, nazima taa.

Ijumaa, 6 Novemba
Zuhura amerudi na mikoba mipya. Macho chini.
“Pasipoti gani tena, shoga? Umepekua vizuri?”
Mara nne nimepekua. Alipokwenda kuoga nikapekua na koti lake. Risiti ya gesti ya Shiling, ya Jumapili. Jina langu, herufi zote.

Jumamosi, 7 Novemba
Alfajiri. Kumetulia. Zuhura kalala, kageukia ukutani. Najua yuko macho. Nimechemsha chai, nikamimina vikombe viwili. Sijui kwa nini viwili.

Chini ya kikombe chake nimeweka karatasi. Nimeinakili hapa, asije akasema sikumwambia:

Zuhura, sitaki kiapo wala machozi. Viza yangu inakwisha kesho. Ukisema mapema nitawahi basi la Shiling. Usiposema nakwenda polisi mwenyewe, na aliyelala kwa jina langu nitamtaja. Umeiacha kwa karani, umeiuza, au unayo? Nijibu moja, leo, kabla ya saa sita mchana.